Kwa nini Malaika wa Kaskazini alisimamishwa kando ya barabara kuu?

Mwanafunzi wa uchongaji:
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Sanamu ya Antony Gormley iitwayo Malaika wa Kaskazini, iliyosimamishwa mwaka 1998 huko Gateshead, Uingereza, iko kilimani kando ya barabara ya A1, ambako magari hupita kwa maelfu kila siku. Kwa nini kazi kubwa namna hiyo isiwekwe bustanini, watu wakaitazama kwa utulivu? Dereva aliye mwendoni anaambulia nini?

Fundi vyuma:
Ndugu, mahali pale hapakuchaguliwa kwa ajili ya magari peke yake. Hapo palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, na Gormley ameeleza kwamba alitaka kuwakumbuka wachimbaji waliofanya kazi gizani, chini ya ardhi ileile, kwa takriban karne mbili. Ingehamishiwa bustanini, maana hiyo ingepotea. Kuhusu dereva, kimo cha sanamu ni mita 20, mabawa yana upana wa mita 54, na umbo ni moja tu, la mtu aliyenyoosha mikono, kwa hiyo sekunde chache zinatosha. Sanamu ya barabarani ikijazwa vikorombwezo haisomeki.

Mimi huvutiwa zaidi na mbavu zake, yale mabamba ya chuma yaliyoachwa nje ya mwili, ambayo hupokea nguvu ya upepo na kuishusha hadi kwenye msingi wa zege uliofungwa kwenye mwamba. Chuma chenyewe kimechanganywa na shaba kidogo, hivyo kutu ya juu hushikamana na kukilinda kilicho chini yake, wala hakihitaji rangi.

Mkazi wa Uingereza:
Mwanafunzi, suala la dereva lilitumiwa pia na wapinzani wa mradi, waliodai kwamba madereva wangezubaa na kusababisha ajali, na wengine walilalamikia gharama, takriban pauni 800,000, ingawa sehemu kubwa ilitoka katika bahati nasibu ya taifa. Mwaka uleule wa 1998, mashabiki wa Newcastle United, klabu ya soka ya mji jirani, waliivisha sanamu jezi kubwa yenye namba 9 ya mshambuliaji wao Alan Shearer. Watu hawaivishi jezi ya timu yao sanamu wanayoiona ya wageni.

Na utulivu unaoutaka upo: unaegesha gari jirani, unatembea hadi miguuni, unaigusa. Ukiwa pale ndipo unapong'amua kwamba mabawa hayakunyooka kabisa, bali yameelekezwa mbele kwa nyuzi 3.5, kama mtu anayejiandaa kukumbatia.