Ushauri wakuu: Fedha ya mchezaji mmoja, tulete straika au tutafute anayemlisha?

Habari za jioni wanajamvi. Ni kocha msaidizi wa timu moja ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, hapa Mtwara, jina naomba niliache. Msimu uliopita tumeponea chupuchupu kushuka. Nyuma tulikuwa imara, kipa wetu katubeba sana. Ugonjwa uko mbele.

Mechi ya mwisho nyumbani, winga wetu wa kulia alimpita beki wake, akafika karibu na kibendera cha kona, akainua kichwa. Ndani ya kumi na nane, yaani boksi la penalti, kulikuwa na jezi yetu moja tu, katikati ya mabeki watatu. Akarudisha mpira nyuma, tukaanza upya. Mzee mmoja jukwaani akapiga kelele, "Sasa mnamrudishia nani?" Lile swali sijalala nalo vizuri mpaka leo.

Viongozi wana fedha ya kusajili mchezaji mmoja wa maana. Wanataka straika kutoka Dar, na kocha mkuu yuko upande wao. Mimi nina kijana wa Newala, miaka 19, mazoezini anafunga atakavyo, ila kwenye mechi anapaniki. Nisimame wapi, bila kumvunjia heshima mkubwa wangu?

Beki Mstaafu
Mwalimu, jibu umeliandika mwenyewe: jezi moja. Nimecheza beki wa kati miaka mingi. Straika aliye peke yake tulikuwa tunapokezana tu, huyu akimwacha yule anamchukua. Aliyetutesa ni kiungo anayeingia kwa kuchelewa. Wewe umegeuza macho kwenye krosi, yeye anakutokea mgongoni. Tafuteni kiungo wa namna hiyo, namba nane mwenye mapafu.

Kijana wa Ligula
Sikubaliani na kaka hapo juu. Straika mzoefu akipata nafasi moja ametulia, anaweka kambani. Huyo dogo wa Newala mkimtegemea tangu mechi ya kwanza, akikosa mawili watu watamzomea na mtampoteza. Mashabiki wetu tunajijua.

Mwana Ruangwa
Tazameni Namungo, timu yetu ya Ruangwa, msimu wa 2019/20, wa kwanza Ligi Kuu. Mbele walikuwa na Lusajo na Bigirimana Blaise, wakamaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la FA, Simba akawafunga 2-1 kule Sumbawanga. Beki hakujua amfuate yupi. Msimu uliofuata, makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, mbele ya Raja ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, mechi sita hawakupata hata bao moja. Ukibanwa katikati, mpira haufiki kwa mfungaji, hata awe nani.

Mama Chikongola
Mwanangu, msimalize fedha yote sasa. Huku kwetu mfuko wa shabiki unafuata korosho. Minada inaanza Oktoba, ligi inakuwa imeshachanganya. Dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, likifunguliwa watu wameshalipwa, matawi yanaweza kuchangia. Sajilini kiungo sasa, straika aje dirisha dogo mkishaona pengo liko wapi hasa.

Mwanzisha uzi
Shikamoo mama, hilo la korosho hata viongozi hawajaliwaza. Kaka Beki, mazoezini nianzie wapi?

Beki Mstaafu
Weka sharti. Winga akifika pembeni, mmoja akimbilie mlingoti wa karibu, mmoja wa mbali, mmoja asimame kwenye nukta ya penalti, na mwingine abaki nje ya boksi kuokota mipira inayorudi. Asipofika mmoja, bao halihesabiwi hata likiingia. Wiki mbili watakununia, wavumilie. Dogo muingize dakika 20 za mwisho, mabeki wamechoka na hakuna anayemdai kitu. Na mkubwa wako usimpinge kikaoni mbele ya viongozi. Mfuate nyumbani.

Kijana wa Ligula
Hiyo ya dakika 20 naikubali. Ila kwenye safari ndefu za basi msimsahau, afike mapema apumzike, kasi ndiyo silaha yake.

Mwanzisha uzi
Nashukuru sana. Kocha mkuu anakaa Shangani, Jumamosi baada ya alasiri nakwenda kwake. Nitabeba simu yenye video ya ile krosi, nimwoneshe ile jezi moja, kisha nimwombe namba nane kwanza. La dogo nitalisema mwisho, akishamaliza chai.