Wale wa dunia ya pili huachwa tu hivyo? (Star Trek, Doctor Who na zingine za zamani)

Kijana wa Umoja

Wasee habari za jioni. Niko na swali limenikaa kichwani tangu Jumapili na hapa nyumbani hakuna mtu wa kunisaidia kulijibu.

Jamaa wa duka la muvi alinijazia flashi na Star Trek ile ya kwanza kabisa ya miaka ya sitini, na mathe amekuwa akikaa na mimi jioni tunaona pamoja, juu mguu unamsumbua siku hizi hatoki sana. Kizungu cha kwa TV kinampita mbio kwa hivyo mimi ndo namwelezea, nasimamisha, nasema, tunaendelea. Alianza kuipenda siku aliyosikia yule dada wa mawasiliano anaitwa Uhura, akaniuliza hilo si neno letu? Nikamwambia ndio, limetoka kwa uhuru, na kwa ile sehemu ya kwanza kuonyeshwa, Septemba 1966, kuna mahali dada anaongeleshwa Kiswahili kabisa. Tangu hiyo siku Uhura akitokea mathe anasogeza kiti.

Sasa Jumapili tukafika kwa "Mirror, Mirror", ya Oktoba 1967. Kwa wale hawajaiona, Kapteni Kirk, daktari McCoy, Scotty na Uhura wanarudishwa melini kutoka sayari ya Wahalkan na kuna dhoruba mbaya angani, ule mtambo wa kusafirisha watu unachanganyikiwa, wanatokea kwa meli ile ile, sura zile zile, lakini si kwao. Kule hakuna Shirikisho, ule umoja wa sayari wanaoutumikia, kuna Dola. Unapanda cheo ukiua mkubwa wako. Kila mtu anatembea na kifaa kidogo kiunoni cha kutia uchungu, na ukikosea mkubwa anakuitisha kifaa chako mwenyewe, unampea, anakuchoma nacho. Mathe hapo alinishika mkono nisimamishe, akaniuliza nirudie, yaani mtu anabeba kiboko chake mwenyewe? Nikamwambia ndio. Akanyamaza.

Ikaisha vizuri, wale wanne wakarudi kwao, tabasamu kila mahali. Mathe akaniuliza: "Na hao wa kule?" Nikasema Kirk aliongea na Spock wa ndevu, yule msaidizi wa Kirk wa kule, akamwomba abadilishe mambo. Akasema, "Kuongea tu, halafu akaenda? Na wale Wahalkan walikuwa karibu kuuliwa kule pia?" Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo nauliza nyinyi mnaojua hizi vitu, kuna kipindi chochote cha zamani kiliwahi kurudi kuuliza wale wa dunia ingine waliishia aje? Ama shujaa akifika nyumbani ndo imeisha?

Fundi Kariobangi

Mkuu hilo swali la mamako hata wenye Star Trek walilijibu, ila iliwachukua miaka 27. Tafuta Deep Space Nine, ile Star Trek ya kituo cha angani, ya 1994, sehemu inaitwa "Crossover". Kira na daktari Bashir, watu wa kituo hicho, wanapata hitilafu wakipita kwa shimo la anga, njia ya mkato ya kufika mbali, wanatokea dunia ile ile ya Kirk lakini karibu karne moja imepita. Na walichokuta ni hiki: Spock alifanya. Alisikia yale maneno, akapanda mpaka akashika usukani wa Dola, akaanza mageuzi, akahubiri amani, silaha zikapunguzwa. Halafu Waklingon na Wacardassian, watu wa sayari zingine, wakaungana, wakakuta Dola haijajipanga, wakaimaliza. Sasa binadamu ndo watumwa, wanasafisha madini kwa kituo.

Niliiona mara ya kwanza nikakasirika kweli, nikaona wamemharibia Kirk. Siku hizi naona ndo jibu la haki. Ile ya 1967 Spock alikuwa amepiga hesabu akasema Dola itaanguka baada ya kama miaka 240, Kirk akamwambia sasa mbona usianze leo kabla damu nyingi haijamwagika. Hilo neno lilikuwa la kweli. Lakini Kirk hakubaki kusaidia kujenga kitu cha kuweka pahali pa ile Dola, alisema akaenda, venye mathe alisema.

Na kuna kitu ingine. Mimi ni fundi wa TV, siku nzima niko na bisibisi na moshi wa solder, kwa hivyo mtu aliyenishika pale ni O'Brien. Kwao kituoni O'Brien ni fundi mkuu, ana mke, ana binti. Yule wa kule ni mtumwa anayerekebisha mitambo ya wenyewe, wengine wanamwita Smiley. Akisikia kwa Bashir kuna O'Brien mwingine mahali fulani ameheshimiwa, jambo hilo linamkaa kichwani. Akikamatwa akijaribu kutoroka anasimama mbele ya yule mama mkubwa wa kituo hatetei hata maisha yake, anaeleza tu alianza kufikiria vile kila mmoja wao angekuwa kama mambo yangeenda tofauti kidogo. Sisko wa kule (kwao Sisko ndo mkuu wa kituo), ambaye alikuwa amejifanya haoni kitu, anasikia hayo maneno na hapo ndo anageuka. Usimweleze mathe mapema, mwache aone.

Shiro wa Saba Saba

Mimi nitaenda upande tofauti kidogo. Hapa mnaongea kama wale wa dunia ya pili wako kule wanangoja msaada, mbona hakuna mtu anauliza kama wao wanataka kuja kuchukua pahali petu?

The Twilight Zone, kile kipindi cha hadithi za ajabu, Februari 1960, "Mirror Image". Dada anaitwa Millicent anangoja basi usiku, mvua inanyesha, kituo kiko karibu tupu. Anaenda kwa karani kuuliza basi itafika saa ngapi, karani anamwambia kwa hasira umeshaniuliza. Hajawahi muuliza. Begi lake ameshalikabidhi, karani anasema. Hajalikabidhi. Anaingia msalani, mlango uko wazi nyuma yake, anaangalia kioo na kwa kioo anaona benchi pale nje, na aliyekaa hapo ni yeye mwenyewe.

Nimesafiri sana usiku kutoka Machakos Country Bus nikienda ushago, najua ile saa ya saa nane usiku umekalia begi, taa moja inazimazima, makanga amelala kwa usukani, na unaanza kuwa na shaka kama tiketi ni ya leo ama ya jana. Hiyo ndo iliniua. Hakuna meli, hakuna dhoruba ya angani. Benchi tu na begi. Millicent anajieleza kwamba labda kuna dunia mbili zinagusana mahali, na yule mwingine akipita huku lazima akuondoe ndio abaki. Jamaa moja aliyekuwa akimsaidia haamini, anaita polisi wanampeleka. Halafu jamaa anageuka anaona mtu anakimbia na begi lake, anamfukuza nje, na huyo mtu akigeuka ni yeye, anacheka.

Sasa huyo wa pili si mbaya kwa tabia, tunajuaje? Labda kule kwake kuna vita, labda kuna njaa, ameona mlango akapita. Sisi tunaona tu upande wa yule ameibiwa benchi.

Fundi Kariobangi

Shiro hiyo ya mwisho imenigonga. Hata kwa "Mirror, Mirror" wale wabaya wanne walitokea kwa meli nzuri na wote tunasahau. Spock wetu aliwajua haraka akawafungia, na Kirk wa kule alikuwa anapiga kelele akimwahidi Spock pesa na cheo amfungulie. Spock baadaye anasema ni rahisi mstaarabu kuigiza ukatili kuliko mkatili kuigiza ustaarabu.

Mzee wa Rigi

Watoto wangu, mmenifurahisha. Niruhusuni niongeze moja ya Waingereza, maana ndiyo iliyonitoa machozi na mimi si mtu wa machozi.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye rigi kule Olkaria, visima vya mvuke. Visima vyetu vinashuka karibu kilomita tatu, na mtu ambaye hajasimama pale hajui sauti ya kisima kikifunguka mara ya kwanza. Unaisikia kifuani kabla ya masikio. Basi mwanangu mmoja akaniletea Doctor Who ya mwaka 1970, "Inferno", sehemu saba, shujaa wake ni msafiri wa wakati anayeitwa Daktari, ameigizwa na Jon Pertwee, na hadithi yenyewe ni ya uchimbaji. Kuna profesa mkaidi anaitwa Stahlman anataka kutoboa ganda lote la dunia apate nishati. Kuna mtaalamu wa kuchimba mafuta, Sutton, anamwambia punguza mwendo, kuna shinikizo, kuna ute wa kijani unatoka chini na ukimgusa mtu anageuka mnyama, lakini profesa hasikii. Huyo profesa nilimjua siku ya kwanza. Kila rigi imewahi kuwa na mmoja.

Daktari anatupwa dunia ya kando, Uingereza ile ile lakini ya udikteta, familia ya kifalme iliuawa, rafiki yake Brigedia sasa amefunika jicho moja na ni mtu wa kutisha, na Liz ambaye ni mwanasayansi mwenzake sasa ni askari. Na kule kuchimba kuko mbele kwa saa kadhaa. Hapo ndipo akili ya hii hadithi ilipo. Anaona ganda likitobolewa kwa macho yake, anaona joto, ardhi inatetemeka, na anajua kwao bado kuna saa chache za kuzuia.

Sasa jibu la mama yako. Hawezi kuwaokoa. Anawaambia waziwazi, hata nikitaka siwezi kuwachukua, tukivuka pamoja tutavuruga dunia zote mbili. Na wao, Sutton wa kule na Petra, yule binti msaidizi wa profesa, wanaendelea kumtengenezea umeme wa kumrudisha wakijua hawaendi popote. Joto limepanda, wamelowa jasho, wanafunga nyaya. Yule Brigedia wa jicho moja anashika bunduki anasema lazima niende nawe, na Liz wa kule, askari yule aliyeanza kwa kumkamata Daktari, anampiga risasi ili Daktari aondoke. Lava inaingia kwenye banda. Daktari amekwenda.

Kwetu dunia ikapona kwa sababu yule mtu alirudi akijua. Watu wa kule ndio walionunua hiyo habari, na hakuna hata mmoja wao anayejulikana huku. Sikulala vizuri usiku ule.

Fundi Kariobangi

Mzee shikamoo. Lakini kwa heshima, hiyo ya "siwezi kuwachukua" mimi sijawahi kuikubali. Naona ni mwandishi alitaka dunia ile iungue akatafuta sababu. Daktari alivuka peke yake bila dunia kuvurugika, kwa nini watu wachache zaidi iwe balaa?

Mzee wa Rigi

Marahaba. Labda una haki kwa upande wa sayansi yake. Mimi naangalia tu kwamba hakuwadanganya. Angeweza kusema nitarudi kuwachukua, wangemfungia nyaya upesi zaidi. Aliwaambia ukweli na bado wakafunga. Kazini nimeona viongozi wakiwaambia watu kisima kiko salama.

Shiro wa Saba Saba

Mzee umeniliza na niko kwa matatu.

Kijana wa Umoja, kama mathe anataka ya kupumzikia mwonyeshe "The Parallel", Twilight Zone ya 1963, wakati zilikuwa za saa moja. Mwanaanga anarudi nyumbani anakuta kuna ua mweupe mbele ya nyumba ambao hajawahi kujenga, watu wanamwita kanali na yeye ni meja. Mtoto wake wa kike ndo anashtuka kwanza, anahisi huyu si babake. Akisharudi kwake tayari, redio inanasa kidogo sauti ya kanali mwenye jina lake akiita kutoka angani halafu inapotea. Hapo hawajasahaulika kabisa, angalau wamesikika.

Na msimwonyeshe ile ya geti ya Sliders, kipindi cha watu wanaoruka dunia hadi dunia wakitafuta kwao, kama hana nguvu. Quinn ana sekunde chache za kujua kama amefika kwao, na geti la kwao huwa linalia, analisukuma halilii, anaenda zake. Kumbe ni kwao, mamake alikuwa amepata mtu wa kulitia mafuta. Huyo mama anabaki pale kwa mlango. Sasa huyo ni wa dunia yetu, na ndo ameachwa.

Kijana wa Umoja

Wasee asanteni sana, sikutarajia hii yote. Tulipata "Crossover" jana, jamaa wa muvi alikuwa nayo.

Mathe hakuongea karibu yote, stima ilipotea katikati tukangoja kama nusu saa gizani na bado hakutaka kulala. Tulipofika pale kwa O'Brien amesimama mbele ya yule mama mkubwa nikamtafsiria polepole kila neno. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasikiliza tena, halafu akaanza kuniambia kuhusu mjomba wangu, ndugu yake mkubwa, alikuwa na mkono wa ufundi, alitengeneza redio ya mbao akiwa darasa la tano, karo ikakosekana akapelekwa kuchunga, na amechunga mpaka leo. Sikuwa najua hiyo stori ya redio. Akasema kesho nimpigie simu.

Spock mathe hakumlaumu. Alisema tu, Spock alijaribu na hakuwa na watu.

Mzee hiyo "Inferno" jamaa hana, nimeuliza maduka matatu. Iko wapi?

Mzee wa Rigi

Ninayo kwa DVD, mwanangu aliniletea ile ya kununua. Niko Jericho, Jumamosi naenda kanisani hapo Umoja kwa mazishi ya rafiki, nitapita na begi. Mwambie mama ni sehemu saba, asianze jioni ambayo amechoka. Na huyo mjomba mpigie kweli.