Nina kigugumizi na nimepata nafasi ya uzamili wa tiba ya usemi na lugha. Niende au niache?

Kauli_Taratibu:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo.

Kwa kawaida nasoma tu na kupita. Leo nimeona niandike, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Nina shahada ya kwanza ya isimu. Niliomba uzamili wa tiba ya usemi na lugha, miaka miwili, na nimekubaliwa. Natakiwa kujibu ndani ya siku 14. Tatizo ni kwamba nina kigugumizi tangu nikiwa na miaka minne, na si kile cha kurudia silabi moja moja. Changu kinakaba. Koo linafunga, hewa haitoki, na aliye mbele yangu anaanza kunimalizia neno. Linalonishinda kuliko yote ni jina langu mwenyewe, kwa sababu jina halina mbadala. Maneno mengine nikiyaona yanakuja nayakwepa. "Kesho" ikikataa nasema "siku inayofuata". Nimeishi hivyo hadi wapo marafiki wasiojua kabisa, wanaona tu kwamba mimi ni mtu wa kuzunguka sana kabla ya kufika kwenye hoja.

Baba yangu alipata kiharusi na maneno yakampotea. Alikuwa anaelewa unachomwambia, lakini ukimwonyesha kikombe anakitazama, midomo inacheza, neno halipo. Akaja mama mmoja mtaalamu. Hakumuuliza chochote. Alikaa karibu naye, akaanza kuhesabu taratibu, "moja, mbili, tatu", na baba akadakia "nne" kwa sauti ileile ninayoijua tangu utoto. Wakaenda pamoja hadi kumi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Tangu siku hiyo sijataka kazi nyingine.

Sasa, mhadhiri niliyemwomba barua ya kunipendekeza aliiandika, tena vizuri, kisha akaniita pembeni. Akaniambia, "Binti yangu, mtu anayekuja kutafuta usemi anataka amkute mwenye usemi." Hakuwa na nia mbaya, na hapo ndipo panaponiuma.

Naomba mnisaidie. Yupo humu aliyesoma fani hii akiwa na kigugumizi? Na je, isimu peke yake itanibeba au nitakwama kwenye anatomia?

---

NusuMuhula:

Hongera dada kwa kupata nafasi. Mimi niko muhula wa tatu wa programu kama hiyo, na nilitoka ualimu wa lugha. Wacha nijibu hilo la isimu, la kigugumizi niwaachie wenye uzoefu.

Isimu itakubeba sana mwanzoni. Wenzangu walihangaika wiki nzima na alama za kifonetiki za kimataifa, wewe utakuwa unaziandika bila kufikiri. Lakini hapa hutaandika matamshi ya mzungumzaji wa kawaida. Utaandika ya mtoto ambaye "k" yake yote imekuwa "t", na utaandika akiwa anazungumza huku anatambaa chini ya meza.

Kitakachokupiga ni neva za fuvu, yaani zile zinazotoka kwenye ubongo kwenda kichwani na shingoni. Ziko 12, na zile za V, VII, IX, X, XI na XII utalala nazo na kuamka nazo, kwa sababu ndizo zinazoendesha taya, uso, koromeo, zoloto (kisanduku cha sauti kooni), shingo na ulimi. Anza kuzisoma sasa hivi, usingoje darasa. Programu nyingi pia zitataka uwe umesoma takwimu, biolojia, fizikia au kemia, na somo la saikolojia au jamii. Ukikosa mojawapo mara nyingi wanakuruhusu ulisome mapema au sambamba na uzamili, ila waulize wazi.

Halafu kuna saa za mazoezi. Kwa viwango vya Marekani, vinavyowekwa na ASHA, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha huko, mwanafunzi anatakiwa kufikisha saa 400: za kutazama 25, na 375 za kuhudumia watu yeye mwenyewe, ambapo angalau 325 ziwe ndani ya uzamili. Ukimaliza kuna mtihani wa taifa, kisha kazi chini ya mlezi kwa wiki zisizopungua 36. Uingereza njia ni nyingine, unahitimu programu iliyoidhinishwa na kujisajili na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya huko. Kwa hiyo kabla ya kujibu barua yao hakikisha shahada yako itatambuliwa kule unakotaka kufanya kazi. Hili watu wanalisahau, wanakuja kulia baadaye.

Kipindi changu cha kwanza nilikiandaa kwa siku tatu. Kilikuwa cha dakika 45. Mtoto alimaliza kadi zangu zote kwa dakika sita, akanitazama. Msimamizi wangu alikuwa nyuma ya kioo anaandika. Siku ile nilijifunza kwamba kadi moja unaweza kuifanyia kazi nusu saa ukijua unatafuta nini.

---

Mzee wa Mantiki:

Binti, pole na hongera kwa pamoja. Nitasema ambalo wengine watalizunguka. Mhadhiri wako ana hoja. Mtoto hujifunza kwa kuiga. Ukimwekea mfano wa matamshi unaokatika, ataiga nini? Na mgonjwa aliyelala kitandani, mwenye hofu, akiona tabibu wake naye anapambana na neno, imani itatoka wapi? Sisemi uache elimu. Nauliza kama utafiti au kufundisha isimu hakungekufaa zaidi. Nasema haya kama mzazi.

---

Mama Pacha:

Shikamoo mzee. Naheshimu ulichosema, ila mimi yamenikuta upande wa pili, naomba niyaeleze.

Mmoja wa pacha wangu ana kigugumizi. Akiwa na miaka saba alishaacha kunyoosha mkono darasani. Tulipita kwa wataalamu wawili, wazuri tu, wakimwambia "pumua, polepole, usiwe na wasiwasi". Akawa anarudi nyumbani kimya zaidi. Wa tatu alikuwa kijana. Tulipoingia alisimama, akaanza kujitaja jina, akakwama. Alikwama muda mrefu, lakini hakuangalia chini. Alimtazama mwanangu machoni hadi jina likatoka. Mwanangu akauliza, "Na wewe?" Akajibiwa, "Na mimi." Basi mtoto akavuta kiti mwenyewe, akakaa.

Kuhusu kuambukizwa kwa kuiga, pacha mwenzake amelala chumba kimoja naye tangu kuzaliwa na hana kigugumizi hata kidogo.

Dada, nenda. Kuna mtoto anakungoja.

---

Tabibu_wa_Koo:

Niko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na sita, hospitalini. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza historia, maana mhadhiri wako hakuifikiria. Fani hii imejengwa kwa sehemu kubwa na watu wenye kigugumizi. Charles Van Riper alikuwa nacho, kikali, na mwaka 1936 alianzisha kliniki ya usemi katika chuo ambacho leo kinaitwa Western Michigan University. Mbinu tunazofundisha mpaka sasa za kulegeza neno ukiwa katikati ya kukwama, badala ya kulikimbia, kwa kiasi kikubwa zimetoka kwake. Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa naye alikuwa na kigugumizi. Sisemi kigugumizi kinampa mtu hekima. Johnson huyohuyo ndiye aliyesimamia jaribio la mwaka 1939 lililowakosoa makusudi baadhi ya watoto yatima kwa usemi wao, ambalo chuo chake kilikuja kuliomba radhi mwaka 2001. Ninachosema ni kwamba mlango huu haujawahi kufungwa kwa watu wa aina yako.

Mzee wa Mantiki, kigugumizi hakiambukizi kwa kusikia. Kina mizizi kwenye ubongo na mara nyingi kwenye ukoo. Lakini katika hoja yako kuna sehemu ya kweli ambayo sitaki dada aje aigundue peke yake. Vipo vipimo vinavyotaka usome orodha ya maneno au tarakimu kwa mwendo mmoja, kila sekunde moja. Ukikwama katikati, umebadilisha kipimo chenyewe na matokeo yake hayaaminiki. Hilo lina ufumbuzi: mara nyingine sauti iliyorekodiwa, mara nyingine mwenzako anasoma na wewe unaandika. Lakini kubaliana na msimamizi kuhusu hilo kabla ya muhula kuanza, kwa maandishi, si siku mgonjwa amekaa mbele yako. Waombe pia orodha yao ya uwezo wa msingi wanaoutarajia kwa mwanafunzi na uisome neno kwa neno. Neno la kutafuta ni "mawasiliano yanayoeleweka". Kueleweka na kutiririka ni vitu viwili tofauti.

Cha pili, nahisi unaiwazia kazi hii kama kazi ya usemi tu. Sehemu kubwa ya siku yangu ni kumeza. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa anapitisha maji kwenye njia ya hewa bila hata kukohoa, na nimonia ikaja kimyakimya. Kwa hiyo naweka vidole vinne shingoni kwake, cha kwanza chini ya kidevu, cha mwisho chini ya zoloto. Nampa kijiko kimoja cha maji. Nasikilizia zoloto inapanda saa ngapi na kwa nguvu gani. Kisha namwambia aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji ndani yake, nasimama hapo, naomba eksirei ya video inayoonyesha anavyomeza. Kazi yote hiyo inataka masikio na vidole. Maneno ni machache sana.

Na moja la mwisho. Kwenye kozi ya kigugumizi, wanafunzi wasio nacho mara nyingi hupewa zoezi la kwenda kwa mtu wasiyemjua na kugugumia makusudi, ili waonje. Nimeona wakirudi wanatetemeka. Wewe somo hilo umelisoma tangu una miaka minne.

Ushauri wangu wa vitendo ni mmoja. Acha kukwepa maneno. Kukwama hakutakuchosha kama kujificha kutakavyokuchosha, kwa sababu huwezi kumsikiliza mgonjwa huku nusu ya akili yako inatafuta neno mbadala. Jitambulishe nacho mwanzoni kabisa: "Nina kigugumizi. Nikikwama nisubiri, nitamaliza."

---

Mzee wa Mantiki:

Marahaba, Mama Pacha. Mfano wa pacha sikuwa nimeufikiria. Na daktari, nashukuru kwa kuitenganisha hoja yangu badala ya kuitupa yote. Binti, lile la kukuzuia nimeliondoa. Hilo la kukubaliana mapema kuhusu vipimo lishike.

---

Fonimu:

Naongezea la isimu, maana naona limepita haraka. Dada, ukimaliza utakuwa na kitu ambacho wengi wetu hatuna.

Vipimo vingi vya lugha ya mtoto vilitungwa kwa Kiingereza. Kimojawapo cha kawaida ni kuhesabu urefu wa sentensi za mtoto. Sasa mtoto wetu anasema "amenisomea". Ukihesabu maneno, amesema moja, na kwenye karatasi anaonekana amechelewa. Ukivunja neno lenyewe unapata a-me-ni-som-e-a: mtenda, wakati, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea, kiishio. Mtoto huyo ana sarufi nzima mdomoni. Nimeona mtoto anaandikiwa "ucheleweshaji wa lugha" kwa kosa la aina hii, na kuja kulifuta ikachukua karibu mwaka.

Kinyume chake pia kipo. Mtoto anasema "langi" na "kurara", mwalimu anamleta tiba. Ukiuliza lugha ya nyumbani unakuta haitenganishi r na l. Hapo hakuna ugonjwa. Lakini mtoto wa miaka sita asiye na upatanisho wa ngeli hata mmoja, huyo msikilize kwa makini. Kutenganisha tofauti na tatizo ndiyo kazi yenyewe, na kwa lugha zetu bado kuna mengi ya kuandikwa kuanzia mwanzo.

---

Kauli_Taratibu:

Nimewasoma wote, zaidi ya mara moja. Mama Pacha, nimelia kwa ajili ya kile kiti. Fonimu, kumbe kile nilichodhani hakina kazi ndicho. Mzee, ahsante kwa kusema wazi na kwa kurudi.

Jana nilipiga simu ofisi ya programu. Simu ndiyo adui yangu mkubwa, kwa kawaida ningeandika barua pepe. Aliyepokea akauliza, "Nani anaongea?" Nikakwama. Nikamsikia akisema "halo? halo?" Nilitaka kukata. Badala yake nikasema, "Nina kigugumizi, naomba unisubiri." Akasema, "Nasubiri." Jina likatoka. Nikauliza kuhusu vipimo vya kusoma kwa mwendo mmoja, akaniunganisha na msimamizi wa mazoezi, tukaongea dakika 20. Yeye ndiye aliyetaja suala la rekodi kabla sijalitaja. Takwimu ninayo, biolojia nitaisoma kabla ya kuanza.

Barua ya kukubali nimeituma leo asubuhi.

Tabibu, swali moja tu limebaki. Kwenye zile neva sita, nianze na ipi?

---

Tabibu_wa_Koo:

Anza na ya X. Chukua karatasi uchore tawi lake la kushoto linaloenda kwenye zoloto. Haliendi moja kwa moja. Linashuka hadi kifuani, linapita chini ya tao la ateri kuu, ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, ndipo linapanda tena shingoni. Ukimaliza kulichora utaelewa kwa nini mtu anaweza kufanyiwa upasuaji wa kifua na kuamka na sauti iliyokwaruza, na kwa nini wanatuita sisi.

Lichore kwa mkono, si kwenye simu. Ukikwama niandikie.