Tupeane uzoefu: kutesti kodi na kitu inachotegemea hakipo

mwana_wa_langoni: Assalam aleikum wakuu. Leo kijana kanikamata hapa Mkunguni, ana programu ya kusoma maji yamepanda kiasi gani, sensa yenyewe imefungwa jeti ya Mokowe na yeye yuko Amu na laptopu tu. Kila akirun testi inakufa mstari wa kwanza kwa sababu kuna import RPi.GPIO na ile laibrari ni ya ule ubao mdogo wa kompyuta wa Raspberry Pi, laptopu haiijui. Nikamwambia iwahi kabla ya import, weka MagicMock (moki, kitu bandia kinachokubali kuitwa chochote) ndani ya sys.modules, orodha ya laibrari zilizokwisha kuingizwa, kwa jina lilelile, Python huangalia humo kwanza, ikikuta jina lipo haihangaiki kutafuta kwingine. Ikapita, akaondoka anacheka. Sasa nyie mambo haya yamewakuta wapi? Leteni.

nahodha_wa_python: Yamenikuta sana hayo. Ila mwambie kijana asiweke moki mbili mbalimbali, moja ya RPi na nyingine ya RPi.GPIO. Ukiandika import RPi.GPIO as GPIO, unachopewa ni ile GPIO iliyoning'inia kwenye RPi, sio ile uliyoiweka kando, utaipanga hii majibu na kodi inazungumza na ile, utakesha. Tengeneza moja tu, rpi = MagicMock(), halafu rpi ikae "RPi" na rpi.GPIO ikae "RPi.GPIO".

mwana_wa_langoni: Yakhe hilo ndilo lililotula usiku kucha siku moja, shukran.

fundi_barani: Mie niko Malindi na nasema wazi kumoki ni kujidanganya. Sensa iko Mokowe? Nenda Mokowe! Hiyo MagicMock ukiuliza ECHO, pini ya sensa ya kupokea mwangwi, ni 0 inasema sio, ukiuliza ni 1 inasema sio pia, zile while mbili za kusubiri mwangwi uanze na uishe zote zinapita hapohapo, umbali unatoka kama sifuri, yaani maji yamefika kwenye sensa, jeti imezama na testi yako kijani kibichi, imepita.

nahodha_wa_python: Ndio maana kuna side_effect ndugu yangu, unaipa orodha 0, 0, 1, 1, 0 inajibu moja moja. Na hata hiyo sio lazima. Toa hesabu iwe fankisheni yake peke yake, ipokee muda irudishe sentimita, muda mara 34300 (kasi ya sauti, sentimita kwa sekunde) gawanya kwa 2 kwa kuwa sauti inaenda na kurudi, basi. Hiyo unaitesti bila moki wala sensa.

mkaa_faza: Fundi una barabara ya lami mlangoni ndio unasema nenda Mokowe. Mtu wa Kizingitini apande boti kila akibadilisha mstari?

fundi_barani: Wavivu nyie. Huku kwetu Ngomeni tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini kabisa, na ikaenda. Hiyo ndio kazi.

mkaa_faza: Iliyorushwa na Wataliano na Wamarekani, wewe ulichangia nini, madafu? Na waulize kama walikuwa wakirusha roketi nzima kila wakitaka kujaribu waya mmoja.

kaa_la_moto: 😂😂 madafu

bi_testi_shela: Nimesoma hapo "kijani kibichi" moyo ukanipiga, ngojeni niwape yangu. Kuna nyumba ya wageni hapa Shela, jina nalihifadhi, walitengenezewa sistimu ya kubuku na kijana mmoja wa bara, mgeni anapata ile STK, ombi la malipo la M-Pesa, kwenye simu, anaweka PIN, chumba kinathibitishwa chenyewe. Kijana akalipwa akaenda zake. Msimu wa Maulidi ukaingia, nyumba imejaa, mwenye nyumba ananipigia alfajiri mwanangu njoo huku kumeharibika. Nafika nakuta familia nzima kutoka Mombasa imekaa barazani na mabegi, baba wa watu ana meseji ya malipo mkononi anaionyesha kila anayepita, na sistimu inasema hajalipa. Juu kwenye chumba chao kuna vijana wawili wamelala fofofo, sistimu inasema wamelipa na wao wenyewe wakiulizwa wanasema walibonyeza kukataa kwa sababu salio halikutosha, wakaletewa meseji karibu sana chumba chenu kiko tayari, wakaja. Mwenye nyumba anasema ni jini. Mie nikafungua kodi. Imeandikwa if jibu["ResultCode"]: thibitisha. Jamani. Kwenye yale malipo 0 ndio imefaulu, 1032 ndio mteja kakataa! Kwa Python 0 ni hapana na 1032 ni ndio, kwa hivyo aliyelipa anafukuzwa na aliyekataa anakaribishwa, na ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, msimu wa wageni wachache hakuna aliyegundua, wakilalamika wanathibitishwa kwa mkono. Nikasema huyu hakutesti? Alitesti! Testi ziko, nzuri, zote zinapita. Jibu la malipo kaliweka MagicMock tupu. MagicMock ukiitoa chochote kwa mabano ya mraba inakupa MagicMock nyingine, na MagicMock siku zote ni ndio. Testi inasema mtu kalipa, chumba kimethibitishwa, safi.

kaa_la_moto: Innalillahi

mkaa_faza: Wale vijana waliamshwa au waliachwa?

bi_testi_shela: Waliamshwa kwa chai na mahamri, wakapelekwa kwa jirani. Walikuwa na adabu zao.

mama_watoto_amu: Na ile familia walirudishiwa kitu? Maana kukaa barazani na watoto alfajiri sio mchezo.

fundi_barani: Si nimesema mie?? Moki ni uongo! Kesi imefungwa.

nahodha_wa_python: Haijafungwa. Angetumia autospec, moki inayofuata umbo la klasi halisi, haya yasingetokea.

bi_testi_shela: Nahodha hapo hapana. Autospec itakubana ukiita kitu kisichokuwepo kwenye klasi au ukikosea idadi ya vya kupitisha. Hapa jina lilikuwa sawa, tatizo ni thamani ndani yake. Mie nilichukua jibu la kweli moja lenye 0 na moja lenye 1032 kutoka mazingira ya majaribio, nikayahifadhi faili za JSON, testi zinasoma hizo. Moki ipo bado, inajibu maneno ya kweli.

nahodha_wa_python: Nimekubali.

mwanafunzi_maweni: Samahanini wakubwa, mie yangu ni kinyume. Laibrari ninayo lakini nataka kutesti programu yangu ikiwa mtu HANA. Inatoa ripoti ya Excel kwa openpyxl, ikikosekana itoe CSV. Nimekuwa naiondoa kwa pip uninstall kila mara halafu naiweka tena, na bando ndio hilo linaisha.

mwana_wa_langoni: Mwanangu acha kuteseka. sys.modules["openpyxl"] = None. Ukiweka None, import inatoa ImportError papo hapo kama haipo vile. Tumia monkeypatch.setitem ya pytest, chombo cha kuendeshea testi, ili irudishe yenyewe testi ikiisha, la sivyo testi zinazofuata zote zitalia. Na import iwe ndani ya fankisheni, ikiwa juu ya faili ilishafanyika zamani umechelewa.

nahodha_wa_python: Na kwa bando: siku ukiwa na waifai fanya pip download -r requirements.txt -d vifurushi, baadaye unainstoli kwa --no-index --find-links vifurushi. Unaweza kubeba kwenye flashi.

fundi_barani: Au njoo Barani kwangu, waifai bure, ukinunua soda.

mkaa_faza: Waifai yako ni moki.

mwanafunzi_maweni: 😂 asanteni, ya None imekubali. Bi testi, zile faili za JSON unaziweka wapi, pamoja na kodi?

bi_testi_shela: Ndani ya folda ya testi, zinaenda na kodi popote. Ila kabla hujazihifadhi futa namba za simu za watu, weka za uongo. Jibu la malipo linakuja na namba ya mteja ndani.