Mrejesho: lignini kutoka maji meusi ya kiwanda cha karatasi

Wakuu, niliuliza namna ya kutoa lignini (gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti) kwenye maji meusi yanayobaki baada ya kupika vipande vya msindano kwa kostiki soda na salfaidi ya sodiamu. Imekubali. Aliyesema nisianze na asidi ya salfa alinena kweli: nilipitisha kaboni dioksaidi taratibu, na pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) iliposhuka karibu na 10 chembe za kahawia zikaanza kuganda. Kuchuja yakiwa baridi ni mateso, uji unaziba kitambaa. Kwenye nyuzi 70 hivi yanapita. Asidi nikaiweka mwisho, kuosha sodiamu. Tahadhari: harufu ya mayai viza ikitoka, hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inaua, fanyieni kwenye kabati la kufyonza hewa. Maji yaliyochujwa yanarudi kwenye mvukizo (hatua ya kukausha maji meusi), maana sodiamu yake ni mali, inatumika tena. Sabuni ya utomvu wa msindano inayoelea juu ya maji meusi bado sijaigusa.