Nikihama Kigoma, nichague nchi gani ya kuishi, si ya kutafuta tu?

Muuguzi wa Ujiji

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nina umri wa miaka 31, nafanya kazi katika hospitali moja hapa Kigoma mjini na ninaishi Ujiji pamoja na mama yangu na binti yangu wa miaka sita. Tangu nikiwa chuoni nimekuwa na ndoto ya kwenda kuishi nje ya nchi. Ndoto hiyo haikutokana na kuchukia kwetu: napenda ziwa letu, na nina ekari mbili za michikichi alizoniachia marehemu baba upande wa Simbo ambazo sina nia ya kuziuza. Ila nataka kujifunza kazi yangu mahali penye vifaa, na nataka mwanangu asome bila mimi kuhesabu senti kila mwanzo wa muhula. Pasipoti ninayo, niliilipia shilingi 150,000, na nimeihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyangu kwa sababu bati letu huvuja wakati wa masika.

Kuondoka hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kuchagua. Kila ninayemuuliza hunitajia mshahara. Mmoja husema Uingereza kwa kuwa Kiingereza tumekisomea, mwingine Kanada, mwingine Ujerumani kwa kuwa wauguzi wanatafutwa huko, na shangazi yangu ananihimiza Oman kwa kuwa kuna ndugu na adhana husikika. Hakuna aliyenijibu swali ninalolala nalo: ni wapi nitakapoweza kukaa na mwanangu, akasoma, nami nikazeeka, bila kuamka kila mwaka nikihofia kibali? Baba yake mtoto yupo Mpanda, tuliachana kwa amani. Naomba majibu ya watu waliopita njia hiyo.

Mzaliwa wa Ipuli

Dada yangu, mimi ni wa Ipuli, Tabora, muuguzi kama wewe, na sasa ninaishi Leipzig na mwanangu wa kiume. Nimefurahi kwamba umeanza na swali hilo badala ya mshahara, kwa sababu mimi nilianza na mshahara na nikapoteza miaka miwili.

Niliipima Uingereza kwanza. Baraza lao la wauguzi linadai alama 7 za IELTS, mtihani wa Kiingereza, katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kisha kuna mtihani wa nadharia unaofanywa kabla ya kusafiri na wa vitendo unaofanywa ukishafika. Njia hiyo ya wauguzi ipo bado. Ile ya wahudumu wa kutunza wazee, ambayo wenzetu wengi waliipitia, ilifungwa Julai 2025 kwa waajiriwa wapya wanaotoka nje, kwa hiyo mtu anayekuuzia leo kazi ya kulea wazee huko anakuuzia upepo. Jambo lililonirudisha nyuma ni lile unalolihofia wewe: ukaaji wa kudumu umekuwa ukipatikana baada ya miaka 5, lakini Mei 2025 serikali yao ilitangaza nia ya kuifanya 10 kwa watu wengi. Mtu mwenye mtoto wa miaka sita anapaswa kuitazama tofauti hiyo kwa macho ya mtoto, si yake.

Kanada, nikiwa mkweli, ndiyo yenye jibu zuri zaidi kwenye karatasi. Anayepita katika mfumo wao wa pointi huingia akiwa tayari na ukaaji wa kudumu, yeye na mtoto wake. Lakini pointi za umri huwa juu kabisa kati ya miaka 20 na 29, kisha hupungua mwaka hadi mwaka mpaka zinakwisha ukifikisha 45; stashahada hupata pointi chache kuliko shahada; na usipokuwa na kibali cha kufanya kazi huko pamoja na ahadi ya kazi ya mwajiri, utatakiwa kuonyesha akiba ambayo kwa familia ya watu wawili ni zaidi ya dola 18,000 za Kanada. Juu ya hayo, ukaaji si leseni: usajili wa uuguzi hushughulikiwa na kila jimbo, na huwezi kugusa mgonjwa kama muuguzi kabla hujapita mtihani wao.

Ujerumani mlango wake ni lugha. Ili upewe leseni kamili ya uuguzi, kwa kawaida utadaiwa Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani lugha ya kupokea zamu kwa simu, kumtuliza mzee aliyechanganyikiwa na kuandika ripoti ambayo daktari ataitegemea. Kisha mamlaka ya jimbo hulinganisha masomo yako na ya kwao, na wakiona pengo, unachagua kati ya mafunzo ya kulijazia na mtihani wa maarifa. Mimi nilifanya mafunzo, miezi kumi, nikilipwa kama msaidizi. Katika wodi niliyopangiwa nilipewa kazi ya kuosha wagonjwa na kutandika vitanda, mimi niliyekuwa nikizalisha akina mama usiku kwa taa ya betri. Iliniuma sana, na sitaki ufike huko bila kuambiwa.

Ila baada ya leseni mambo hubadilika. Tangu mwishoni mwa 2023, mwenye taaluma iliyotambuliwa anaweza kuomba ukaaji wa kudumu baada ya miaka 3 ya kazi, akiwa amechangia mfuko wa pensheni na anajua lugha. Mwanangu anatibiwa kwa bima yangu bila mchango wa ziada, shule ya serikali haina ada, na kila mwezi napokea posho ya mtoto inayozidi euro 250. Kwa upande mwingine, karibu theluthi ya mshahara wangu hukatwa kwa kodi na michango kabla sijauona, jambo ambalo mawakala hawalitaji kamwe.

Kuna mambo mawili ambayo hayapo kwenye karatasi yoyote. Kule Kigoma jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Hapa mwezi Desemba huzama saa kumi, na siku nyingi huwa ni mawingu tangu asubuhi. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilikuwa nikimchukua mtoto shuleni gizani na kulia njiani bila kujua kwa nini. La pili ni msiba. Baba yangu alifariki Jumanne, akazikwa Jumatano, nami nikafika Tabora Ijumaa na kukuta udongo umeshaanza kukauka juu ya kaburi. Ukiamua kuishi mbali na mama yako, amua ukijua kwamba huenda utawahi arobaini tu.

Mkazi wa Gongoni

Shikamoo wakubwa, na dada wa Ujiji, pole na hongera kwa wakati mmoja. Mimi nilikaa Ghuba, huko Uarabuni, miaka minne, nikarudi Tabora, na nyumba ninayoishi Gongoni niliijenga kwa fedha za huko, kwa hiyo sitasema mabaya tupu. Lakini shangazi yako anachanganya mambo mawili. Kule kibali chako kimefungwa kwa mwajiri, ambaye sisi tulimwita kafili. Mkataba ukiisha au akikukataa, na ukaaji wako umekwisha. Uraia kwa mtu wa hali yetu si jambo la kutegemea, na kumleta mtoto kunategemea mshahara na cheo. Watu niliowakuta huko wamekaa miaka ishirini walikuwa bado wanahesabu siku za kibali kama mimi niliyefika juzi.

Kwa muuguzi mwenye mkataba wa hospitali hali ni nafuu kuliko ya mfanyakazi wa ndani, kwa kuwa mara nyingi hupewa nyumba na tiketi ya likizo. Ikiwa unataka miaka mitatu ya kukusanya akiba ili uombe Kanada baadaye, Ghuba ina maana. Ikiwa unataka makazi, haina.

Na ukienda popote, wakala wako mhakiki kwanza kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, yaani TaESA, kama ana leseni. Mtu wa kwanza aliyenishughulikia alichukua fedha ya ng'ombe wawili wa baba yangu, akanipa barua yenye mhuri uliopigwa kwa wino wa printa. Nilikuja kugundua nilipoigusa kwa kidole kilicholowa: mhuri wote ulisambaa.

Mzee wa Livingstone

Mwanangu, mimi ni jirani yako hapa Ujiji, karibu na ile miembe ya makumbusho. Tusijidanganye kwamba kuhama ni jambo geni kwetu. Mimi ni Mmanyema. Wazee wangu walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo enzi za misafara, wakati mji huu ulipokuwa mwisho wa njia itokayo Bagamoyo kupitia Tabora, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Wakafia hapa, na sisi hatuna kwingine. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hiyohiyo na pembe mabegani walikwenda pwani, wakalipwa, na wengi wakarudi kulima kwao. Hao walikwenda kutafuta, sisi tulihamia. Wewe sema wazi unafanya lipi, kwa sababu maandalizi yake si mamoja.

Na kama ni kuhamia, usidharau karatasi. Pale Ulyankulu, mkoani Tabora, wapo watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapata uraia wa Tanzania mwaka 2014, pamoja na wenzao wa Katumba na Mishamo, zaidi ya watu 160,000. Miaka 42. Mtoto alizaliwa, akaoa, akapata wajukuu, naye bado anaitwa mkimbizi. Nilifanya biashara ya mahindi nao, najua walivyokuwa wakishusha sauti wakiona gari la serikali.

Sasa nisikilize kuhusu shamba la baba yako. Ukaaji wa kudumu wa nchi nyingine haukuondolei uraia wako, kaa nao hata miaka thelathini. Uraia wa nchi nyingine ndio unaoondoa, kwa kuwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Nasikia Wajerumani tangu Juni 2024 wanamruhusu mtu kubaki na uraia wake wa awali. Wao wanaruhusu, sisi haturuhusu. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ipo sasa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, nayo inalegeza mambo kadhaa, lakini hadhi huombwa, na uraia umezaliwa nao. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, hakikisha umiliki wa ekari hizo mbili umeandikwa kwa jina lako katika serikali ya kijiji, mipaka imepandwa alama, na mama yako anajua nakala ilipo. Na michikichi ile ya aina ya zamani, Dura, anza kuibadilisha kidogokidogo kwa miche ya aina ya Tenera, yenye mafuta zaidi, kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga, ili shamba limlishe mama yako wakati wewe bado unatandika vitanda vya watu.

Mfanyabiashara wa Kibirizi

Dada, mbona hukutaja hata nchi moja ya Afrika? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, na inagusa haki ya mfanyakazi kuvuka mpaka. Mshahara wa Kigali hautakuwa wa Ulaya, nakubali. Lakini unafika kwa basi, na mama yako akiugua utakuwepo.

Muuguzi wa Ujiji

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimesoma majibu yenu mara mbili usiku wa zamu, wodi ilipotulia. Kaka wa Kibirizi, Kigali nimeifikiria, lakini mambo ninayotaka kujifunza, hasa huduma ya watoto njiti, nataka kuyafuata mbali zaidi. Nisamehe kama nimekosea. Oman nimeiondoa, na shangazi nitamweleza mwenyewe.

Mzee ameniuliza kama natafuta au nahamia, nami sikuwa na jibu hadi jana jioni. Mama alikuwa anaparua migebuka uani, magamba yamemjaa mikononi hadi kwenye viwiko, nikamsomea maneno yako yote. Akaendelea kuparua, kisha akasema, "Mimi sitakuja huko. Mtoto mchukue, usimwache kwangu akakua akikungoja." Nimeelewa kwamba nahamia.

Kanada sina akiba hiyo. Nimeamua kuanza Kijerumani kwa njia ya intaneti mwezi ujao, na nikifika B1, ngazi iliyo chini ya B2, nitaomba likizo bila malipo ili niendelee Dar es Salaam. Jumamosi naenda Simbo kwa mwenyekiti wa kijiji. Dada wa Ipuli, naomba uniambie mambo mawili: karatasi za mtoto nianzie wapi, na mwanao alichukua muda gani kuacha kuuliza lini mtarudi?

Mzaliwa wa Ipuli

Anza na ridhaa ya baba yake iliyoandikwa na kuthibitishwa kwa wakili, mkiwa bado mnaelewana, kwa sababu ubalozi utaidai. Mtoto wa umri wake hadaiwi mtihani wa lugha, lakini mimi wakati wangu nilidaiwa nyumba yenye nafasi ya kututosha, na nyumba ndiyo iliyonichelewesha kuliko yote. Cheti chake cha kuzaliwa cha RITA kikague herufi kwa herufi kabla hujakipeleka kutafsiriwa: jina la kati la mwanangu lilikuwa na kosa la herufi moja, na nililipa kwa kusubiri miezi miwili.

Aliuliza kwa miezi saba hivi. Aliacha wiki aliyopata rafiki katika ghorofa ya chini, mtoto wa Kivietnamu mwenye baiskeli. Nikitoka zamu nitakutumia jina la kitabu cha Kijerumani cha wauguzi nilichotumia mimi.