Gari la kazi kwa kuosha na kupolishi magari kwa kumfuata mteja: Every, TownAce au Hiace?

Polishi_DSM
Wakuu habarini. Naombeni ushauri wa gari la kazi. Tunaosha, tunapiga vakyumu viti na kupolishi bodi kwa kumfuata mteja nyumbani au ofisini: Mikocheni, Masaki, Mbezi Beach na maghorofa ya Upanga, ambako mara nyingi bomba hauruhusiwi kuligusa. Wafanyakazi wawili, magari matano kwa siku. Vifaa ni mashine ya presha ya umeme wati 1,800, vakyumu wati 1,200, jenereta na tanki la maji. Bajeti ya gari peke yake ni milioni 18. Nawaza Suzuki Every, TownAce au Hiace iliyotumika. Wengine wananiambia kirikuu (pikapu ndogo ya Suzuki Carry) inatosha. Lipi halitanisumbua?

Spana14
Mkuu, kabla ya kutaja jina la gari piga hesabu ya maji. Lita moja ni kilo moja. Mashine ya presha ya kawaida inatoa lita 7 hadi 8 kwa dakika, kwa hiyo gari dogo linakula lita 50 au 60 na gari kubwa linafika 80. Magari matano hayo ni lita 300. Ongeza jenereta kilo 45, presha 25, vakyumu 10, tanki tupu 15, kisha dawa, ndoo, mipira na mashine ya polishi kilo 40. Jumla 435.

Every na kirikuu za cc 660 zimetengenezwa kubeba mwisho kilo 350. Umeshapitiliza kwa kilo 85 hata hujatoka nyumbani. Litatembea, sikatai. Lakini klachi itaisha mapema, beringi za nyuma zitaanza kulia, na breki zitachelewa kushika siku ya mvua.

TownAce yenye namba ya modeli S402M, zilizoanza kutoka 2008, inabeba kilo 750. Injini ni 3SZ-VE ya cc 1,500, petroli, inatumia cheni badala ya mkanda, inasukuma kwa nyuma. Hilo ndilo gari lako. TownAce za zamani zenye injini ya petroli ya 7K nazo ni ngumu na spea zake zinapatikana Ilala na Kariakoo. Ile ya dizeli yenye injini ya 2C iache: ikichemka, silinda hedi inaweza kupasuka.

Dada_Wax
Spana14 hesabu yako iko sawa, ila lita 300 ni za mtu anayeosha kama kituo cha barabarani. Gari lenye vumbi tu halihitaji presha. Shampuu isiyosuuzwa, lita 10 hadi 15 kwenye ndoo, taulo nane za maikrofaiba, kila upande wa taulo unafuta paneli moja kisha unageuza. Usirudishe taulo chafu kwenye ndoo, utachora mikwaruzo ya duara kwenye rangi nyeusi.

Kwa namna hiyo tanki la lita 150 linakutosha na Every inakuwa ndani ya uzito wake. Kasoro ni masika. Gari lenye tope huwezi kulifuta hivyo, lazima tope liondoke kwanza kwa maji. Kama wateja wako wengi wanakaa kwenye lami, Every. Kama wanatoka Goba na Madale kwenye barabara za vumbi na matope, nenda na TownAce.

Kibega
Hiace usiiguse kwa kazi ya Upanga. Ya paa refu inapita mita 2.2, na kibao kwenye mlango wa paking za chini ya jengo mara nyingi kinasema mita 2.0 au 2.1. Utaegesha nje na kuvuta mpira mita 60. Hata kwa TownAce, pima na keria ya juu kabla hujafunga chochote huko.

Spana14
Dada_Wax nakubali kwa vumbi. Sasa ukaguzi wa gari lenyewe, maana hapo ndipo watu wanapigwa.

Injini ya TownAce iko chini ya viti vya mbele. Mafundi wavivu hawainui kiti, kwa hiyo plagi, mikanda na mipira ya rejeta husahaulika. Fika asubuhi injini ikiwa ya baridi, mwambie muuzaji asiwashe kabla. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yenye kutu au mafuta, ondoka. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe kama maziwa mgando, ondoka vilevile, ingawa ute kidogo sana kwenye gari la safari fupi unaweza kuwa unyevu tu. Washa, acha dakika 20 na AC ikiwaka, uone kama fani inaingia na mshale wa joto unatulia. Kama thermostati imetolewa (wengi huitoa wakidhani wanasaidia), rudisha mpya.

Kisha lala chini. Angalia chesisi karibu na matairi ya nyuma na chini ya sakafu ya mzigo, gonga kwa bisibisi. Rangi nyeusi iliyopigwa juzi huficha kutu. Tairi ziwe za mzigo zenye herufi LT au C. Za gari dogo hubonyea ubavuni na kupasuka.

Usimalize milioni 18 yote kwenye kununua. Kama unaagiza, ingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA kwanza, kodi ya uchakavu inabadilisha hesabu kabisa. Na bima iandikwe ya biashara.

Pwani_254
Huku Kenya gari la kuagiza lisizidi miaka minane, kwa hivyo TownAce tunazopata ni mpya kidogo. Nyongeza ya sisi wa pwani: maji ya kisima ya chumvi yanaacha madoa meupe na yanakula pampu. Tumia hayo kwa suuzo la kwanza, la mwisho liwe maji matamu, na pitisha maji matamu kwenye pampu jioni. Tandika plaiwudi ya majini, juu yake mpira, na toboa tundu la kutolea maji sakafuni. Unyevu ukikaa chini ya zulia, sakafu inaoza.

Polishi_DSM
Asanteni sana. Nimeelekea TownAce. Tanki nilifunge wapi, na jenereta naweza kuiwasha ikiwa ndani milango ikiwa wazi?

Spana14
Tanki lilale chini, pana na fupi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Simtanki la kusimama halifai: uzito unakaa juu, na limetengenezwa kutulia mahali pamoja, si kutikiswa. Maji yakifika nusu ndiyo hatari kubwa, yanakimbilia mbele ukifunga breki. Chukua lenye kuta za ndani, au matanki mawili ya lita 150 umalize moja kwanza. Mikanda ya ratcheti ifungwe kwenye ndoano zilizobanwa kwa bolti hadi kwenye chuma cha chini, zisiishie kwenye bati. Bomba la kutokea tanki liwe la robo tatu inchi, na chujio, na tanki liwe juu ya pampu. Mashine nyingi hazijui kuvuta maji zenyewe. Zikimeza hewa sili zinakwisha.

Jenereta ndani, hapana, hata milango ikiwa wazi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu ya kukuonya, na kwenye paking ya chini ya jengo ni hatari zaidi. Ishushe, iweke mita kadhaa upande ambao upepo unapeleka moshi mbali nanyi. Iwe ya kVA 3, kwa sababu mota ya presha inapoanza inavuta zaidi ya wati 1,800 zake. Usiwashe vakyumu kwa wakati huohuo.

Kibega
Au vakyumu iende kwa inveta. Wati 1,200 kwa dakika 15 ni kama Ah (ampia-saa) 30 za betri ya volti 12 kila gari. Betri ya asidi ya Ah 200 usiishushe chini ya nusu, maana yake magari matatu. Lithiamu ya ukubwa huo inamaliza matano. Waya wa kwenda inveta uwe mfupi na mnene, milimita za mraba 35, kwa sababu hapo zinapita ampia 100. Fyuzi ikae jirani na betri.